Mashine ya Kumsikia Zena

Siku hizi mwanifuata hadi barazani, nyinyi vijana, na swali lenu lile lile. "Ma Rukia, tununue mashine gani?" Mmesoma, mmepata kazi, halafu siku moja mmekumbuka kwamba mna babu na bibi, na sasa mwataka kuwatia ndani ya kompyuta kabla hawajaondoka. Wengine huja na picha za skana kwenye simu, wengine na sifa walizozisoma za watu wa ng'ambo waliozinunua. Nami siku zote huwarudishia swali: aliye hai ni nani? Mwanitazama mkidhani akili zimeanza kunihama. Mmoja wenu aliwahi kuniambia, kwa adabu zake zote, "Ma, sisi twauliza mashine, hatuulizi watu." Nilimpa chai akanywa, nikamweleza habari za mashine, akaenda zake. Leo nitajibu yote mawili kwa kuyaandika, na mtanivumilia, maana habari yenyewe haina furaha nyingi.

Mimi nilikuwa mpiga picha wa wanawake. Mgeni akisikia hivyo huguna, lakini hapa Mji wa Kale si jambo la kuelezwa. Harusi zetu zina upande wa wanaume na upande wa wanawake, na upande wa wanawake ndiko buibui huvuliwa, nywele zikafunguliwa, asumini zikavaliwa. Mwanamume mwenye kamera hana njia ya kupita hapo hata awe ndugu wa bibi harusi. Akahitajika mwanamke, nikawa mimi. Nilianza na kamera ya filamu, nikaja na ile ya video ya kubeba begani, iliyoniachia bega moja chini kuliko la pili, mwaliona mpaka leo. Wasichana wenye kamera nyepesi walipoingia kazini, nikaligeuza duka langu la mtaani Kuze likawa pa kuokolea vya zamani: watu wakileta kanda na picha zao, mimi nikizitia kwenye kompyuta. Sasa macho hayataki na magoti hayataki, duka nimelifunga. Mashine zimelala chumba cha mbele nyumbani, zikimngoja nani, sijui.

Aliyenifundisha hiyo kazi ya pili ni Fundi Karim, mtengenezaji redio, Mungu amrehemu, mtu wa maneno machache na mengi katika hayo ni matusi. Ukimpelekea kanda hakuuliza ndani mna nini. Aliuliza, "Imelala wapi?" Imelala juu ya kabati, imelala chini ya kitanda, imelala karibu na jiko, kila jibu lilikuwa na dawa yake. Kisiwa hiki kimezungukwa na maji ya chumvi, kuta zetu za mawe hunywa unyevu mwaka mzima, na kanda iliyosahauliwa humo huota kuvu nyeupe kama imemwagiwa unga. Wahenga wamesema akiba haiozi. Wahenga hawakuwa na kanda.

Tena kuna udi. Alikuja mama mmoja aliyependa vitu vyake mno. Kanda za harusi za wanawe alizitia kwenye kasha pamoja na leso zake mpya, na kila Ijumaa akifukiza nguo, kasha nalo hulifunua, kanda nazo zipate harufu nzuri. Aliponiletea zilinukia kumshinda bibi harusi mwenyewe. Ule moshi wa miaka ulikuwa umeganda juu ya utepe ukawa gundi. Nilipoitia ya kwanza kwenye mashine ilinata, ikalia, ikasimama. Fundi Karim aliinusa akasema, "Hii si kanda tena, hii ni halua." Tulizifungua skrubu, tukapangusa utepe kwa pamba na spiriti kidogo kidogo, na bado nusu yake haikutoa neno. Mama yule alilia pale dukani; alizifukiza kwa mapenzi.

Kwa hivyo shikeni hili. Vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu mnavyovikuta ndani ya maboksi ya viatu, msivitupe; vitieni pamoja na kanda na picha, ndani ya mkebe wenye kifuniko kinachobana. Udi fukizeni nguo na nyumba. Na kaseti ikiwa na sauti ya mtu wenu, vunjeni vile vijino viwili vya mgongoni kwake, isiweze kurekodiwa tena. Nimeona sauti ya bibi ya mtu imefunikwa na darsa ya Ramadhani, mwenyewe akiamini amefanya jambo la thawabu.

Skana nunueni ile ya kioo, ya kulaza picha kifudifudi na kufunika. Msidanganywe na ile inayomeza karatasi upande huu na kuitoa upande wa pili, hata kama ni ya haraka. Kijana mmoja wa mtaa wa Tononoka aliinunua akaitilia picha ya babu yake, mzee amesimama na kanzu na joho, mkwaju wa kutembelea mkononi. Mashine ikamkunja. Alitoka upande wa pili amepiga magoti, mtu ambaye ukoo mzima wasema hakumpigia magoti mtu. Tulicheka siku ile, lakini picha ilikuwa moja tu. Wala msitume picha kwenye kundi la familia mkadhani ndiyo mmezihifadhi. Simu huzipunguza ili zipite haraka, na baada ya kupita kwa shangazi watatu, sura hubaki ukungu.

Jambo jingine ni la sitara. Picha na video za upande wa wanawake msizitie kwenye mtandao, hata mkiambiwa kuna funguo. Wale wanawake walivua buibui mbele yangu kwa amana. Wengine wamekuwa mahajati, wengine wako kaburini, na amana haikwisha. Za wanawake ziwe na diski yake, isiyoungwa na mtandao, na nakala yake ikae nyumba nyingine kwa mwanamke mwenzenu mnayemwamini. Nyumba mbili, diski mbili. Nimeona nyumba ikiungua na kila kitu cha ukoo ndani yake, na diski yao nzuri ilikuwa juu ya meza pamoja na vitu vyenyewe.

Hizo ndizo habari za mashine. Sasa nawapa habari ya Swabra, kwa ruhusa yake. Nilimwendea nikamuuliza kama naweza kuwasimulia. Akasema, "Waambie, Ma. Pengine watafanya haraka."

Swabra ni mjukuu wa Bi Mishi, jirani yangu hapa Kuze. Mama yake, Zena, alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mishi, akafariki Swabra hajajua kutembea. Baba akafuata miaka michache baadaye. Mtoto akalelewa na Bi Mishi na mumewe, Mzee Ali, mpaka akaolewa akahamia Tononoka. Uso wa mama yake anao, katika picha ndogo ya kitambulisho. Sauti hakuwahi kuijua. Tangu mdogo alikuwa akimuuliza bibi yake, "Mama alikuwa na sauti gani?" na Bi Mishi humjibu, "Nzuri," kisha akaingia jikoni. Mimi mwenyewe nilihamia Kuze Zena ameshazikwa, kwa hivyo nami sikuwa na la kumsaidia.

Mzee Ali akafariki. Bi Mishi akakaa eda, kama ipasavyo mjane, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yake, hana manukato, hana hina, wanawake wakija kumkalia na kumpa pole. Siku walipokuwa wakitoa nguo za marehemu zikatolewe sadaka, Swabra akaona juu ya kabati kaseti imefungwa kwenye kipande cha leso. Akampelekea bibi yake. Bi Mishi aliigeuza mkononi akasema, "Hii ni vugo. Arusi ya jirani, Zena yumo. Yeye na wenziwe watatu, kila mmoja alitoa wimbo wake kwa zamu."

"Utamjua, Bibi?"

"Nimemzaa, nisimjue? Nisikizishe, n'takwambia ni yupi."

Hapo ndipo nafasi ilipokuwa. Mashine yoyote siku ile ingetosha, hata redio mbovu ya jirani. Lakini chumbani alikuwamo Ma Mwanaidi, mpwa wa Mzee Ali aliyekuja kutoka Lamu kumtunza Bi Mishi, na Ma Mwanaidi akaweka mkono juu ya kaseti. "Nyimbo kwenye nyumba ya eda? Vugo? Watu wapita hapo nje, watasemaje? Na ni sauti ya maiti wake, wataka kumliza juu ya msiba? Ngoja atoke eda." Bi Mishi aliinamisha kichwa, akatii. Swabra naye akatii. Alilelewa vizuri, ndiyo sababu.

Akaniletea mimi kaseti ile niitie kwenye kompyuta, iwe tayari kwa siku hiyo. Nilimuuliza swali la Fundi Karim, na jibu lilinifurahisha: juu ya kabati, pakavu, haikufukizwa. Kuvu ilikuwa kidogo pembeni. Niliuhamisha utepe kwenye ganda jipya, nikaupangusa, nikaiacha mashine iupeleke mbele na kurudi kabla ya kuigusa sauti, maana utepe uliolala muda mrefu hukamatana, na ukiuharakisha hukatika. Kisha tukakaa wawili mkekani tukasikiliza.

Kwanza zilikuja pembe. Wanaojua vugo wanajua kwamba zile pembe za nyati zikigongwa na vijiti ndani ya chumba, huwezi kusikia hata mawazo yako. Kelele, vigelegele. Halafu pembe zikapungua na wasichana wakaanza kuimba mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa na sauti nyembamba, kali. Wa pili sauti nzito tamu, ya mtu anayejua kuwa anasikilizwa. Wa tatu alipofika mwisho wa kila ubeti sauti ilimvunjika kidogo, akaiokota akaendelea. Wa nne alianza vizuri, akacheka katikati, akashindwa kumaliza. Mwisho kabisa walibaki wakizungumza tu, wakiombana maji.

Swabra alikuwa ameshika pindo la mkeka. Aliniambia, "Nirudishie." Nikamrudishia. Tulisikiliza mpaka jua likaondoka dirishani, na kila mara alikuwa akiinua macho na kuniuliza, yupi? Ningempa nini mtoto yule.

Tulijaribu njia nyingine. Katika wale wenzake watatu, mmoja amefariki, wawili tuliwapata: mmoja Muscat kwa simu, mmoja hapa hapa kisiwani. Nikawapigia kanda wasikilize, kila mmoja kwa wakati wake. Yule wa Muscat akasema bila kusita, "Huyo wa pili ni mimi." Yule wa hapa, macho yakimng'aa, akasema, "Wa pili ndiye mimi, wallahi, nalikuwa mwembamba hivi." Ile sauti nzuri ilikuwa na wenyewe wawili, na wale wengine hawakudaiwa na mtu. Nilipowauliza Zena ni yupi, mmoja akasema wa kwanza, mwingine akasema wa nne, kisha akasema labda wa kwanza. Tulicheka, mimi na Swabra, tukiwa njiani kurudi. Halafu Swabra akasema, "Bibi atajua."

Basi akaanza kungoja, na katika kungoja kwake akaanza kununua. Hili ndilo ninalotaka mlione, nyinyi wenye maswali ya mashine. Kwanza alileta hedifoni ndogo za kutia sikioni. Tukaona zitamchokoza Bi Mishi. Akaleta zile kubwa za kufunika sikio zima, laini, akazijaribu mbele ya kioo changu. Akasoma kwamba masikio ya wazee hupoteza sauti nyembamba kwanza, akatafuta kifaa cha kuikuza. Akanunua spika ya mbao kwa tahadhari, kama Bi Mishi atakataa kuvaa kitu kichwani. Akanunua diski mbili, nilivyomfundisha, na maiki ya kubana kwenye nguo, ili siku Bi Mishi akisema "huyu" neno lile nalo lirekodiwe. Alijifunza programu ya kusafisha kelele akaipunguza ile milio ya pembe. Hapo nilimzuia, nikamwambia asisafishe mno, maana ukifuta kelele zote unamfuta na mtu. Wiki hupita, naye huja na kitu bora kuliko cha wiki iliyopita. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo iliniuma, kwa sababu mimi nilikuwa nikimtembelea Bi Mishi, na nilikuwa nikiona.

Mwanzo alikuwa timamu. Tulikaa tukisema habari za watu, na ulimi wake ulikuwa mkali ule ule. Kisha siku moja akaniuliza habari za mume wangu, nikamjibu ni marehemu, akanipa pole kana kwamba msiba ni wa jana. Kabla sijaondoka akaniuliza tena, akanipa pole tena. Siku nyingine nilimkuta akimimina chai kwenye kisahani kisicho na kikombe, akimimina tu, chai ikishuka mkekani. Akamwita Ma Mwanaidi kwa jina la dada yake aliyekufa. Huzuni ina namna ya kumfungulia mtu mlango wa kutokea polepole, na Bi Mishi alikuwa ameshika kitasa.

Nikamvuta Ma Mwanaidi ukumbini. "Mwanaidi, Bibi anapotea. Mwacheni asikie ile kanda sasa."

"Eda ni eda, Ma Rukia."

"Simpigii vugo. Mwisho wa kanda kuna pahala wasichana wanazungumza tu, wanaombana maji. Nimekata sehemu ile peke yake. Si wimbo. Nitamvika kitu masikioni, hata paka wa nje hatasikia."

"Na akisikia mwanawe yuwaomba maji, naye yuko kaburini? Wataka alale vipi mwanamke huyu? Mimi ndimi nilalaye naye chumbani, si wewe."

Ningependa mjue kwamba Ma Mwanaidi hakuwa mtu mbaya. Alimwogesha Bi Mishi, akamlisha kwa mkono wake, akamshikia heshima yake mbele ya watu wakati mwenyewe ameanza kushindwa kuishika. Alikuwa akiilinda eda ile kwa moyo mmoja. Nilikasirika naye na sikumwona na kosa, na mambo hayo mawili yakikaa pamoja kifuani hayampi mtu raha.

Nikamwendea Swabra Tononoka. Nikamweleza niliyoyaona. Alikuwa akifungua boksi la ile spika. "Yuko sawa, Ma, ni uchovu. Akitoka eda atapumzika."

"Ngojangoja huumiza matumbo, mwanangu."

"Na haraka haraka?"

"Haina baraka. Najua. Wahenga walitupa zote mbili kisha wakafa, hawakutuambia ipi ni ya lini."

Akatabasamu, halafu macho yakamjaa. "Siwezi kumvunjia Bibi eda yake, Ma. Ndiyo kitu cha mwisho alichonacho cha Babu." Nikamsaidia kukunja boksi, nikarudi Kuze kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikisema peke yangu.

Siku ya kutoka eda ilifika. Bi Mishi aliogeshwa, akavishwa leso mpya, nyumba ikafukizwa, wanawake wakaja, akawashika mikono akiwatazama kwa upole kama mwenyeji asiyekumbuka amewaalika nani. Tuliacha wageni waishe. Alasiri moja, nyumba imetulia, tukaenda mimi na Swabra na vyombo vyake vyote. Alivipanga juu ya meza ndogo, kila kitu kipya, kila waya mahali pake. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sikuwahi kuona kanda iliyoandaliwa vizuri namna ile. Ma Mwanaidi alisimama mlangoni na sinia ya vikombe.

Swabra alimbania bibi yake maiki kwenye leso. Akamvika zile hedifoni laini, akamwekea nywele zake vizuri. Jozi nyingine alivaa yeye, ya tatu mimi. "Bibi, sikiza. Ukimsikia Zena niambie."

Sauti ya kwanza ikaanza, ile nyembamba. Bi Mishi alishtuka. Mikono yake ikapanda juu ya masikio, ikazikumbatia zile hedifoni. Machozi yakamshuka bila uso kubadilika. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo mwanangu."

Swabra alimwangukia mapajani. Mimi nikasema alhamdulillahi, nikamwomba Fundi Karim msamaha kwa kila siku niliyoichukia kazi hii. Sikuisimamisha mashine. Mkono wangu haukuwahi kusimamisha kanda katikati, ndivyo nilivyofunzwa. Ikaja sauti ya pili, ile nzito, iliyokuwa na wenyewe wawili.

"Ndiye," akasema Bi Mishi. "Ndiye Zena huyo. Masikini mwanangu."

Swabra akainua kichwa.

Ya tatu, ile inayovunjika mwisho wa ubeti. "Ndiye." Ya nne, yule anayecheka. Bi Mishi naye akacheka, machozi yakimtiririka, akalipiga goti lake. "Ndiye! Yuwateka, mumsikia? Ndiye huyo."

Swabra alinitazama. Sijui alitaka nifanye nini. Akamshika bibi yake mkono akauliza polepole, mara nyingine, kama mtu anayegonga mlango ambao ameshaona kufuli yake, "Bibi, katika hawa, ni yupi?"

"Hawa wote," Bi Mishi akasema, akimshangaa. "Kwani wewe humjui mamako?"

Mlangoni vikombe vililia juu ya sinia. Ma Mwanaidi aliiweka chini, akaingia ndani, na tulimsikia huko chumbani akilia kwa sauti, yeye aliyeogopa watu wa nje watasikia. Swabra hakulia. Alimvua bibi yake hedifoni taratibu zisimvute nywele, akambusu mkono, akasema, "Ahsante, Bibi." Kisha akavikunja vyombo, waya mmoja mmoja.

Bi Mishi yu hai mpaka leo, lakini hakumbuki tena sisi ni nani. Nami nina dhana yangu. Ile sauti ya tatu, ambayo hapana aliyeidai, huvunjika mwisho wa ubeti vile vile ambavyo sauti ya Swabra huvunjika akinipigia hodi kutoka chini ya ngazi. Lakini dhana si ushahidi, na mimi si mtu wa kumgawia mtoto mama kwa dhana. Sijamwambia. Akisoma haya atajua, na pengine nimeandika ili ajue bila mimi kuwa mbele yake.

Kwa hivyo mkiniuliza mashine gani, nawaambia ile iliyo mkononi mwenu saa hii. Simu hiyo yenye kioo kilichopasuka. Nenda nayo leo kwa bibi yako, umkalie, umwonyeshe picha, umwache aseme nani ni nani. Skana ya kioo utainunua mwezi ujao, picha zitakungoja. Ikiwa yuko eda, au mgonjwa, au kuna shangazi mlangoni na maneno ya heshima, piga hodi hata hivyo, kwa adabu, uombe kwa upole. Ukikataliwa omba tena.

Wiki moja baada ya alasiri ile nyumbani kwa Bi Mishi, Swabra alikuja nimtilie zile sauti kwenye diski zake mbili. Nilikuwa nimeikata kanda vipande vinne, kila msichana na kipande chake. Nikamuuliza niviandike vipi.

"Andika Zena."

"Kipi?"

"Vyote, Ma. Bibi ameshasema."

Nikaandika cha kwanza, Zena. Nikaandika cha pili, Zena, na kompyuta ikakataa. Ikasema jina hilo liko tayari, haiwezi kuweka mawili, nichague jingine. Nilimtazama Swabra. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono juu ya lile bega langu la chini, akiusoma ule ujumbe. Mimi, vidole juu ya vibonye, nikasubiri aniambie jina jingine.

"Tia nambari," akasema.

Nikatia nambari.